Tabaka la Nne

Cheka. Nimeyaona meno yako, hata yale yaliyooza. Ukimaliza kucheka nyamaza, kwa sababu ninayemzungumzia nilimzaa mimi, na haya niliyaona saa tisa mchana, hapa hapa mtaani Jericho, mwaka wa tisini na sita.

Javan alijigonga kwenye chuma cha dirisha. Kichwa kikapasuka kutoka panjani hadi utosini, na hakikutoa damu. Hata tone.

"Mathe, siumwi," akasema, akaendelea na chai yake.

Mkewe, Triza, akamwita Munyoki, mzee aliyefanya kazi chumba cha upasuaji miaka ishirini na sasa anashona vidonda vya mtaa. Munyoki akakifungua kidonda kwa vidole. Kilinuka nywele zilizoungua.

"Mama Javan," akaninong'oneza, "kichwa kina matabaka matano. Ngozi. Halafu nyama ngumu inayoishika mishipa ikae wazi, ndiyo maana kichwa kikikatwa humwaga damu kama mfereji. Halafu utando mgumu. La tano limeshikana na mfupa. Lakini la nne ni legelege. Kitu kikiingia humo hutembea kichwa kizima, hadi kwenye kope."

"Na ni nini kimeingia?"

"Jini. Linainywa damu kabla haijafika nje."

Nikaona ngozi ikiinuka nyuma ya sikio la mwanangu, ikasafiri polepole kama panya chini ya mkeka. Yeye anapuliza chai.

Munyoki akamzungushia ukanda wa mpira juu ya nyusi na masikio, akaukaza. Damu hupanda kichwani kutoka pande zote, akasema, kwenye nyusi, kwenye panja, nyuma ya masikio, kisogoni. Ikizuiwa, jini litaona njaa na kutokea kidondani. "Msiulegeze. Likishuka machoni halitoki tena." Akaenda kuchukua nyuzi zake. Mimi nikaingia jikoni kuchemsha maji.

Ndipo akaja Nabiswa wa kanisani.

"Mwanamume haombewi kichwa kikiwa kimefungwa, Triza! Unataka kumtukana Mungu?"

"Lakini Munyoki amesema..."

"Munyoki ni nani mbele za Bwana? Fungua."

Nilipotoka jikoni ukanda ulikuwa sakafuni, na ule uvimbe ulikuwa unateremka panjani bila haraka, ukapita nyusi, ukajaza kope zote mbili zikawa nyeusi kama zambarau, na Nabiswa akaacha maombi katikati akakimbia na kiatu kimoja, na Triza akawa anaita jina la mumewe, anaita tu, na kidonda nacho kikaanza kumwaga damu, sasa, kwa kuwa hakukuwa tena na wa kuinywa njiani.

Sikulia. Nilirudi nikazima stovu.

Nilipotoka tena, kope zikafunguka. Akanitazama.

"Karibu, mgeni," akaniambia. "Keti. Mwenye nyumba nipo."

"Sikai," nikamjibu. Nikamshika Triza mkono, nikatoka, nikafunga mlango.