Neno la Papa Symphorien

Soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, lilikuwa limefurika watu, na mvua ya Januari ilikuwa imeigeuza njia yote kuwa tope jekundu. Pikipiki ikafunga breki mbele ya kibanda cha Lombe, fundi wa kompyuta, tope likamrukia hadi kifuani. Alifungua mdomo atukane, lakini alipomwona abiria akaufunga. Msichana alivaa gauni la kitenge cha njano, viatu kavishika mkononi, na mgongoni, pale pale mama anapofunga mtoto, alikuwa amefunga kompyuta ya zamani, ile ya boksi.

"Chef, huku njo kwa Anaclet, ule anatengenezaka bamashini?"

"Anaclet iko kule mbele, nyuma ya kanisa. Mais mama, ule mutoto wako iko muzito. Utamufikisha na mugongo gani?"

"Na weye unajua kazi, ao unajua tu kuchokoza bantu?"

"Yote mbili."

Msichana akacheka, akafungua kitenge. Tuseme ukweli, Anaclet alipoteza mteja siku ile kwa sababu ya kicheko tu.

Aliitwa Kapinga, mwalimu wa shule ya msingi kule Katuba, Mkasai, yaani mwenye asili ya jimbo la Kasai, aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi. Alikuwa amepata laptopu, si mpya sana lakini nzima, na alitaka kila kilichomo kwenye mashine ya zamani kihamie huko kabla haijakata roho.

"Mule ndani iko sauti ya papa yangu," alisema, na kicheko kikamtoka usoni. "Alikufa na kansa ya koo. Mbele ya sauti kumuishia, alirekodi neno ya siku ya dot yangu. Hakuna muntu alisha kuisikia. Hata mama, alimutosha mu chumba, akabakia inje."

Lombe alielewa uzito wake. Kwao Kapinga, siku ya dot, yaani ya kupokea mahari, binti haondoki bila neno la baba. Mbuzi atafungwa uani, vinywaji vitapangwa mezani, wageni watakaa mpaka miguu ife ganzi, lakini baba asiponena hakuna anayenyanyuka. Papa Symphorien, babake, alijua kaburi litamtangulia mkwe, akaliacha neno lake ndani ya mashine.

"Nitaichunga kama jicho yangu," Lombe akasema.

Mashine ile haikujua haraka. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, na hata ulipokuwepo, ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi ulisogea kwa kujivuta mno. Kapinga alikuja kila alipomaliza kufundisha, akaketi kwenye kiti cha plastiki, wakautazama mstari wakila karanga. Kama mashine ingekuwa na mbio, huenda mapenzi yasingepata nafasi.

Jioni zikawa za simu.

"Mupenzi, mustari yetu iko wapi leo?"

"Imelala. Inasema inataka kuona gauni ya njano."

"Weye muongo! Sema njo weye unataka."

"Bon, mi njo nataka. Utanifanya nini?"

Upande wa Lombe, wenyeji wa huku wanaowaona Wakasai kama wageni, haukufurahi sana. Shangazi yake Chisanga, aliyemlea, alimtazama Kapinga kuanzia nywele mpaka kucha, akauliza mbele yake, "Babinti ba huku bote balikwisha?" Kapinga alitabasamu kwa heshima, lakini yale maneno yalimkaa moyoni.

Hatimaye kazi ikaisha. Lombe alihamisha mitihani, picha, nyimbo za kwaya, na folda moja iliyoandikwa PAPA, imejaa sauti. Alipoiona ile akapumua. Hakuifungua, kwa kuwa neno lile halikuwa lake kulisikia mapema. Kisha akafanya anachofanyia kila mashine ya zamani ili siri za wateja zisizurure sokoni: akafuta diski nzima, akaweka mfumo mpya, ili Kapinga aipeleke shuleni kwake.

Simu ikalia.

"Chéri, ulisha kumaliza?"

"Nilisha. Yote iko mu ya mupya."

"Na ile ya session ya papa? Usiisikilize, hein! Tutaisikia pamoja."

"Session gani?"

"Weye naye! Si mashini ilikuwa na session mbili, kila muntu anaingia na jina yake, yangu na ya papa? Ile folda PAPA kwa yangu iko tu nyimbo alikuwa anaimba. Neno iko kwa yake. Allô? Lombe?"

"Réseau iko mubaya," Lombe alisingizia mtandao, akakata.

Jamani! Mashine ilikuwa kama nyumba ya vyumba viwili, naye alihamisha vitu vya chumba kimoja akaibomoa yote. Kapinga alidhani fundi anajua, fundi alidhani mteja angesema, na hakuna aliyeuliza. Alilipangusa lile neno kwa mikono yake mwenyewe, na ndilo lililokuwa limwozeshe yeye.

Angemwambia mara moja, lakini aliona aibu. Alizima simu, akajifungia kibandani na programu ya kufukua vilivyofutwa. Vikatoka vipande vya takataka, milio, nusu za picha. Alipowasha simu asubuhi nyingine, alikuta ujumbe wa Kapinga, sauti imekauka.

"Lombe, kama ni juu ya ukasai yangu, sema tu. Shangazi yako alisema, weye ulinyamaza. Mi si mutoto. Lakini unirudishie papa yangu."

Lombe alilia kama mtoto, na bado hakujibu. Mwoga ni mwoga tu, hata akipenda.

Kapinga akaja mwenyewe. Safari hii alivaa nyeusi, viatu miguuni, na wala hakujali tope.

"Iko wapi?"

Lombe akamweleza yote, macho chini. Kapinga hakupiga kelele. Alishika nguzo ya kibanda.

"Hata weye hukusikia alisema nini?"

"Hapana. Nilifukua kipande moja tu, Kapinga. Kidogo sana."

Akabonyeza. Kiti kikakwaruza sakafu, mtu akakohoa, kisha sauti iliyochoka ikaita kwa Kiluba cha Kasai, "Kapinga, muananyi..." Kapinga, mwanangu. Baada ya hapo ikawa mikwaruzo mitupu.

"Rudisha," Kapinga alisema. Akarudisha. Alirudisha tena na tena mpaka muuza nyanya wa jirani akaacha kuita wateja.

"Kufuta, ulikosea," Kapinga akasema mwishoni. "Lakini kunikimbia, ulichagua. Nililala nikisema Lombe alinikataa juu ya kabila. Ile njo iliniua."

"Unisamehe, mupenzi."

"Sijui. Twende kwa mama. Utamwambia weye mwenyewe."

Wakaenda Katuba. Mama Brigitte, mamake Kapinga, alisikiliza kile kipande, kitenge kakibana mdomoni.

"Mume wangu alinitosha mu chumba siku ile," alisema. "Nilisimama ku mulango, nikawaza, si kitu, nitasikia siku ya dot. Sasa shiye bote, hata mutoto wake, tuko inje."

Hakumfukuza Lombe. Hakumkaribisha chakula pia. Ilichukua miezi, ziara nyingi za kukaa tu kwenye kiti, na machozi ya Kapinga kwenye simu, mpaka siku moja Mama Brigitte mwenyewe akamuuliza, "Ba kwenu batakuja lini?"

Watu wa Lombe walikuja wakati wa kiangazi, vumbi jekundu juu ya kila paa. Shangazi Chisanga alikuja pia, mdomo kaufunga. Mahari ikapokelewa. Mjomba wa Kapinga akasimama. "Sasa ni neno ya mwenye mutoto."

Lombe aliweka laptopu juu ya stuli, akabonyeza.

Kiti kikakwaruza. Kikohozi. "Kapinga, muananyi..."

Kisha mikwaruzo. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, wakangoja maneno yaendelee, na hayakuendelea. Hakuna aliyejua mahali pa kusema amina. Lombe alitamani ardhi immeze.

Kapinga akainuka, akapiga magoti mbele ya laptopu, akaitikia kama alivyoitikia utotoni alipoitwa kutoka uani.

"Eyo, tatu." Ndiyo, baba.

Akabaki amepiga magoti kidogo, kama anayempa mkubwa nafasi ya kumaliza. Halafu akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akaenda kuketi karibu na Lombe.