Unyayo wa Meko ya Dunorran

Ngome ya Dunorran hufunguliwa saa nne asubuhi, na mimi, Una, ndiye ninayekata tiketi mlangoni. Wageni hupiga picha kuta, hulalamikia baridi yetu ya Uskoti, kisha hunywa chai na biskuti za siagi. Mwingereza mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini ngome ilijengwa mbali hivi na maegesho ya magari. Nikamwambia waliojenga hawakupata habari kwamba atakuja.

Wa kuwatembeza alikuwa dada yangu Marsali, na mdomo wa kazi hiyo anao. Jikoni, mbele ya meko makubwa, aliwasimulia habari za Beathag, mjakazi mjamzito. Maadui walikuwa wameizingira ngome, chakula kikapungua, na bwana wa ngome akasema mjamzito anakula kwa wawili. Asubuhi ya Mwaka Mpya wakamtoa nje kwenye theluji, pekupeku. Kabla ya kutoka, alisimama kwenye majivu ya meko apashe nyayo zake joto.

"Ndiyo maana kila mkesha wa Mwaka Mpya tunasawazisha majivu haya, asubuhi tunayakagua kama kuna unyayo," Marsali alikuwa akisema. "Vidole vikielekea ukutani, kuna mtu wetu atakayezaliwa. Vikielekea mlangoni, kuna atakayeondoka. Na haondoki kwa basi."

Wageni walicheka. Na mimi nilikuwa nikicheka, mpaka mwaka ule.

Marsali alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilitoka. Hii ya tatu tulikuwa hatuisemi kwa sauti, na kitanda cha mtoto tulikificha nyumbani kwangu, bado kikiwa kwenye boksi.

Siku ya Mwaka Mpya nilifika saa mbili asubuhi, kukiwa bado kiza kama kawaida ya majira yetu ya baridi. Mzee Farquhar, mtunzaji wa ngome, alikuwa jikoni ameshika tochi.

"Heri ya mwaka mpya, Mzee. Au wiski ya jana imekuzidi?"

"Funga mlango, binti yangu," alinong'ona.

Nikaangalia alikomulika. Unyayo mmoja tu. Mdogo, urefu wake kama kidole changu cha kati. Unyayo wa mtoto mchanga.

Ulielekea mlangoni.

"Dada yako anakuja saa ngapi?"

Nje nikasikia gari la Marsali likizima. Niliogopa, sijapata kuogopa vile. Nikapiga magoti, nikaufuta kwa kiganja. Majivu yote yalikuwa baridi. Pale palikuwa na joto.

Nikavua kiatu. Nikavua soksi. Nikakanyaga palepale, vidole vikiangalia ukuta. Mguu wangu wa kulia una vidole vinne, cha tano kilikwenda na shoka nikiwa na miaka kumi na miwili.

"Una! Toa mguu!"

"Nimeshaweka, Mzee."

Alinitazama kwa huruma. "Ule hujaufuta," alinong'ona. "Umeuchukua wewe."

Marsali akaingia, tumbo mbele. Akaona, akacheka, akaanza kulia. "Umeelekea ndani! Mdogo wangu, umeelekea ndani!" Akanikumbatia kwa nguvu. Hakuuliza kwa nini mguu wangu mmoja hauna soksi.

Fenella alizaliwa wiki tatu baadaye, akilia kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nilimbeba nikafurahi kupita kiasi. Ila mguu wangu wa kulia ulikuwa wa baridi tangu asubuhi ile, na haukupata joto tena, hata niuweke karibu na moto.

Mzee Farquhar alipostaafu mwaka uleule alinikabidhi ufunguo wa jikoni na reki ya majivu. Ufunguo ni huo mmoja. Mwaka uliofuata, asubuhi, unyayo ulikuwepo. Vidole vinne, vikielekea ukutani. Mwaka wa pili vilikuwa vimegeuka kidogo. Nikalaumu macho yangu. Mwaka wa nne vilielekea dirishani. Nilivifuta kila mara kabla mtu hajafika, na Marsali sikumwambia.

Leo ni Mwaka Mpya wa sita. Fenella aling'ang'ania kuja nami. Nilipofungua jikoni akanitangulia mbio.

"Mama mdogo! Njoo uone mguu wako!"

Niliuona. Ulielekea mlangoni, umenyooka kabisa.

"Unaenda wapi, mama mdogo?"

Alikuwa ameshavua kiatu. Ameshavua soksi. "Na mimi nije," akasema, akainua mguu. Nilimnyakua kabla haujagusa majivu, nikamkumbatia mpaka akalalamika namuumiza. Kisha nikampigia Marsali simu aje amchukue. Aliniuliza nina nini. Nikasema mafua.

Saa nne nimefungua kama kawaida. Nimekata tiketi kumi na moja. Nje theluji imeanza kuanguka, na wageni wanaikung'uta mabegani wakiingia.

Nimekaa kwenye kiti changu mlangoni. Mguu wangu wa kulia umeanza kupata joto.