Maji Yaliyorudi Nyuma

Jirani zangu, wa jengo letu na wa majengo mengine, nipeni masikio kidogo niwaeleze yaliyotokea juu ya kichwa changu. Nasema juu ya kichwa changu kwa kuwa mimi ni fundi saa, nafanyia kazi nyumbani, na sakafu ya watu hao ndiyo dari yangu.

Walikuwa mume na mke wanaopendana. Mume tulimwita Fundi Bomba, na hakuna jiko katika jengo letu ambalo spana yake haijaligusa. Mke tulimwita Mama Sindano, mshonaji wa gauni. Kila asubuhi nilisikia cherehani yake ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama, nami nikafungua saa zangu kwa raha.

Kisha Fundi Bomba akapenda samaki.

Mimi ni mdadisi. Wengine huuita umbea, nimewasamehe. Niliposikia kitu kizito kinaburutwa huko juu, sikungoja kuitwa. Nilikuta tangi kubwa la kioo limekaa juu ya meza ya mbao, pale palipokuwa na kabati la vitambaa vya Mama Sindano. Kabati lilikuwa limetupwa kwenye korido. Kazi zake zote sasa zilikaa sakafuni, ndani ya maboksi.

"Chungulia huku chini, jirani," Fundi aliniambia, akafungua kijimlango cha meza.

Mle ndani mlikuwa na tangi jingine, dogo. Akanieleza: maji ya tangi la juu yakifika ukingoni humwagika ndani ya bomba moja, yakashuka hadi tangi la chini, yakapita kwenye sponji na kuacha uchafu. Halafu pampu iliyozama humo chini huyasukuma kurudi juu kwa bomba la pili. Yanazunguka hivyo kutwa kucha. Niliingiza kichwa kizima mezani, nikasahau kuna saa ya mtu inanisubiri nyumbani.

Lakini lile bomba la pili lilikuwa na kelele. Mdomo wake ulikuwa juu, ukimwaga maji kwa kishindo, na Fundi hakusikia redio yake. Akaliongezea kipande mpaka mdomo ukazama, karibu na kokoto za chini kabisa. Kelele ikafa. Pampu nayo ilikuwa ikikoroma kwa kuvuta hewa, basi akajaza tangi la chini mpaka pomoni. Pakawa kimya. Akafuta mikono, akatutazama kama bwana harusi.

Mama Sindano alikuwa amekaa kwenye cherehani, pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akauliza, "Baba, umeme ukikatika?"

"Pampu itasimama."

"Sawa, pampu itasimama. Na maji?"

"Nayo yatasimama. Yaende wapi?"

"Nauliza tu. Nilipokuwa msichana, mama yangu aliuza mafuta ya taa. Nilikuwa naingiza mpira kwenye pipa, navuta kwa mdomo mara moja tu. Baada ya hapo mafuta yanashuka yenyewe mpaka uutoe mpira. Sasa huo mdomo wa bomba umeuzamisha chini kabisa. Maji hayatarudi kwa njia hiyohiyo? Na huku chini umeshajaza."

Ndugu zangu, hilo lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Fundi akanikonyeza. "Jirani, umesikia? Pipa la mafuta ya taa!" Akacheka.

Nami nikacheka. Sikujua lolote, lakini nilicheka. Nasema haya kwa aibu.

"Basi uzime sasa hivi tuone," mke akasema. "Swichi hiyo hapo."

"Mama, mimi na mabomba tumezeeka pamoja. Maji hufuata mkondo, na mkondo nimeuweka mimi. Wewe shona."

Akashona. Wiki ile alikuwa na gauni nane za wasimamizi wa bibi harusi, za hariri ya rangi ya maziwa. Hakuwa amewahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Mama wa bibi harusi alikuwa na ndugu wengi na mdomo mwepesi. Akiridhika, sifa za Mama Sindano zingefika mbali. Alimwomba mumewe mara mbili alirudishe kabati ndani. Mara mbili akaambiwa litaziba mwanga wa samaki.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Ijumaa saa sita mchana, gauni zikiwa zimepigwa pasi na kukunjwa ndani ya maboksi, Mama Sindano alitoka kununua vifungo vilivyopungua. Fundi alikuwa kazini. Umeme ukakatika.

Mimi niliendelea na saa yangu kwa mwanga wa dirisha. Tone la kwanza lilianguka kwenye meza, karibu na kibano. La pili likanipata shingoni. Nilipotazama juu, dari ilikuwa imeota doa. Nilipanda ngazi mbio, nikagonga, nikaita. Mlango ulikuwa umefungwa, na maji yalikuwa yakitoka chini yake, yamelowesha viatu vyangu.

Mama Sindano alinikuta nimesimama pale. Alitazama maji, akafungua. Tangi la juu lilikuwa limebaki na maji ya kimo cha kiganja. Tangi la chini lilikuwa likifurika. Maboksi ya sakafuni yalikuwa yamelowa na kulegea, na yale ya juu yake yameangukia majini. Alivuta gauni moja. Ilikuwa na mawimbi ya kijani na harufu ya samaki. Akavuta ya pili. Alipofika ya tano alikaa sakafuni, hapo hapo kwenye maji, akalia kwa sauti. Samaki wote walikuwa wazima.

Mama wa bibi harusi alikuja jioni. Hakutukana. Alisema tu, "Nilikuamini, mwanangu," akaondoka kutafuta gauni za kukodi. Maneno hayo yalimuuma Mama Sindano kuliko matusi. Na ule mdomo mwepesi ulifanya kazi yake. Wiki nyingi hakuna aliyemletea hata shati la kupunguza.

Siku tatu Fundi Bomba alikausha sakafu. Siku ya nne alirudisha kabati ndani, akaniita kushika taa. Akafungua boksi lake la vifaa, akamgeukia mkewe.

"Mke wangu, nifanyeje?"

Mama Sindano aliutazama mdomo wa bomba ndani ya maji. Kisha akainuka, akaweka kidole kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji. "Toboa hapa. Maji yakishuka mpaka hapa, tundu litavuta hewa, na mwendo utakatika. Na huku chini punguza, uache nafasi."

Akatoboa, akapunguza. Kisha mke mwenyewe akaizima swichi. Sote watatu tulipiga magoti, tukachungulia ndani ya meza. Maji yakapanda katika tangi la chini, yakapanda tena, tundu likakoroma, yakasimama vidole vinne kutoka ukingoni. Kazi yote ilikuwa imechukua dakika chache.

"Nisamehe," Fundi akasema.

"Nimekusamehe," mkewe akajibu. "Lakini zile gauni zilikuwa za watu."

FUNZO

Enyi wenye nyumba, ubingwa wa kazini usiwe kufuli la mdomo wa mwenzako. Anayekuuliza hashindani nawe, huenda anakiona usichokiona, kwa sababu ya maisha aliyopitia bila wewe. Kama jibu liko kwenye swichi, zima swichi. Nawe jirani unayekaa pembeni, ukisikia mtu anachekwa kwa kuuliza, usichangie kicheko. Mimi nilichangia. Maji yakimwagika hayazoleki, na jina la fundi likichafuka halifuliki kwa sabuni.