Kiti cha Tatu Kutoka Dirishani

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zote za mtu asiye na kazi, yaani ilifanana na Jumatatu. Digrii aliamka, akaangalia simu kama kuna aliyemjibu, akakuta hakuna. Akavaa jezi yake ya zambarau, akatia bahasha ya kaki kwapani, akaenda kwa kinyozi kutazama mechi ya kwanza ya msimu. Ndani ya bahasha mlikuwa na vyeti vyake. Alitembea nayo mwaka wa nne sasa, kwa sababu walimwambia chuoni kwamba opportunity haipigi hodi mara mbili. Kwake haikuwa imepiga hata hiyo moja.

Jina la Digrii hakupewa kwa heshima. Mwenye shahada na kazi huitwa meneja au ofisa. Mwenye shahada tupu huitwa Digrii, na hutumwa dukani.

Kwa kinyozi kulikuwa na viti vitano vya plastiki, vimepangwa mstari mmoja vikitazama ukuta wa kioo. Juu ya kioo ilining'inia televisheni, kwa hiyo ukitazama mpira unajiona na wewe hapo chini, umekaa mdomo wazi. Nyuma ya viti kulikuwa na mlango wa vioo uliotokea uchochoroni, penye tangi la maji na ndoo ya nywele zilizofagiwa. Timu yao ya Zambarau ikicheza, mashine zilizimwa na kila mtu alijua kiti chake. Mzee wa Posta, aliyestaafu kugawa barua, alikaa dirishani. Wa pili Mshona Viatu. Wa tatu Digrii. Wa nne Fundi. Wa tano Kinyozi mwenyewe, karibu na swichi.

Fundi alikuwa mdogo wake Digrii, tumbo moja. Aliacha shule kidato cha pili akaenda kujifunza kutengeneza friji, na leo mama yao akiumwa kichwa alimwita yeye kwanza. Utotoni Fundi aliwahi kumbamiza kaka yake na mlango, na nusu ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto ikabaki kwenye fremu. Fundi alilia kuliko aliyekatika. Kwa miezi mingi baadaye hakupata usingizi mpaka kaka amwekee begani mkono ule ule wenye bandeji. Siku hizi alimwachia Digrii nauli juu ya meza asubuhi, kimya kimya, bila kumwamsha. Afadhali angemtukana.

Mambo yalianzia kwenye mechi hiyo ya kwanza. Zambarau wako nyuma bao moja, simu ya Digrii ikaita namba ngeni. Akaruka uchochoroni, "yes sir, thank you sir," sauti imepigwa pasi, na huku nyuma akasikia paa linataka kung'oka. Bao. Aliyepiga simu alikuwa amekosea namba.

Mechi ya pili alitoka kujisaidia. Bao. Ya tatu, dakika ya sabini, bila kwa bila, Fundi akamgeukia.

"Kaka, hebu toka kidogo."

"Niende wapi?"

"Nje tu. Tuone."

Wakacheka. Mzee wa Posta akasema sayansi ni majaribio, na msomi hakimbii jaribio. Digrii akatoka. Hazikupita dakika mbili.

Aliporudi alimkuta Mshona Viatu amembeba Fundi mabegani, Kinyozi anawamwagia poda, Mzee wa Posta analia machozi ya kweli. Hakuna aliyemwona akiingia. Wivu ukamshika.

"Si mmeona mimi nuksi?" akasema. "Basi. Kiti hiki anayekitaka na akikalie. Nimekitoa kwa roho moja."

Kinyozi akaacha kucheka. "Usiseme hivyo, Digrii. Maneno huumba."

"Yaumbe. Niliyoandika kwenye barua mia mbili hayajaumba hata kazi ya ulinzi."

Tangu hapo ikawa sheria. Filimbi ikilia, Digrii nje. Mshona Viatu akaongeza kwamba kuchungulia ni sawa na kuwa ndani, pazia la mlango likashushwa. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akiisikiliza timu yake kupitia ukutani, kama mtu anayesikiliza harusi ya mchumba wake.

Na Zambarau wakashinda. Wakashinda ugenini kwenye matope, wakashinda wakiwa pungufu, wakashinda kwa penalti ambayo hata mama mzazi wa refa angeikataa. Mtaa ulibadilika. Watu waliozoea kutembea wameinama kila Jumatatu sasa walitembea vifua mbele. Mechi kumi na nne hawajafungwa, pointi nne juu ya wapinzani wao Weupe, na duru ya kwanza imebaki mechi moja. Kila mdomo ulisema "tunabeba". Digrii peke yake, uchochoroni, alikuwa anaomba jambo ambalo shabiki haliombi hata akiwa mahututi. Aliomba wafungwe. Mara moja tu. Wafungwe yeye akiwa nje, waone si yeye.

Kuna kitu alikiona mapema akakipuuza. Baada ya mechi ya saba alirudi ndani, akakaa, na kiti kilikuwa cha moto.

Plastiki. Moto wa makalio ya mtu aliyeinuka sasa hivi.

Baada ya mechi ya tisa Mshona Viatu alimpiga kofi la mgongo. "Ile ya golikipa umetuua, Digrii. Eti anadaka mafua tu." Digrii akacheka nao. Hakuwa ameisema. Jioni hiyo mama yake alimwandalia chakula kabla ya Fundi, akamwambia, "Siku hizi unanichekesha kama zamani, mwanangu. Umechangamka." Naye alikuwa na siku tatu hajaongea na mama yake zaidi ya shikamoo.

Mechi ya kumi na mbili pazia lilibaki wazi upana wa vidole viwili. Digrii akasogeza jicho. Aliona migongo ya watu wake, na kwa mazoea tu akahesabu vichwa.

Vitano.

Akahesabu tena, kutoka dirishani. Mzee wa Posta. Mshona Viatu. Kichwa. Fundi. Kinyozi.

Akatazama kwenye kioo cha ukutani. Kiti cha tatu kilikuwa na mtu wa jezi ya zambarau, amenyolewa vizuri, na uso wake ulikuwa uso wa Digrii. Si huu wa sasa. Ule wa mwaka wa kwanza wa chuo, kabla macho hayajaingia ndani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa begani kwa Fundi, vidole vyote vimetulia. Fundi alikuwa ameuegemea ule mkono. Ameegemea kabisa, kama mtoto aliyekaribia kulala.

Mwingine angepiga kelele. Kilichomchoma Digrii kifuani hakikuwa hofu. Kilikuwa wivu. Miaka kumi na tano Fundi hajamwegemea hivyo.

Siku ya pili alimfuata Kinyozi akiwa peke yake, anapaka mashine mafuta.

"Bro, kwa nini mnanitoaga nje?"

Kinyozi akainua uso. "Nani kakutoa?"

"Nyinyi. Toka mechi ya tatu."

"Wewe? Wewe hujawahi kubanduka kwenye kile kiti. Ndiyo bahati yetu yote ipo hapo." Akampuliza nywele shingoni, ingawa hakuwa amemnyoa. "Umelala vizuri kweli?"

Digrii akashika shingo yake. Ilikuwa laini. Imechongwa upya, ina poda.

Mechi ya kumi na tano ilikuwa dhidi ya Weupe, kufunga duru. Ilianza saa kumi, jua bado kali. Digrii alifika saa nane. Akakaa kwenye kiti cha tatu, bahasha mapajani, mikono imeshika kingo za kiti. Hakuwa na mpango mwingine. Wafungwe au washinde, yeye hatoki.

Wakaingia mmoja mmoja. Mzee wa Posta akamwambia, "Habari za mchana, kijana." Kijana. Fundi aliingia wa mwisho. Alipokiona kiti akasita.

"Bosi, habari. Unasubiri kunyolewa?"

"Acha ujinga wewe."

Fundi akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mteja ambaye friji yake haiponi. "Leo hatunyoi mpaka mpira uishe. Na hapo pana mtu."

"Pana mimi."

Filimbi ikalia.

Dakika ya kumi na nane Weupe wakafunga. Digrii alitazama televisheni. Kisha, kwa bahati mbaya, akashusha macho kwenye kioo.

Kwenye kioo walikaa watu wanne. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu.

Nyuma ya kiti alisimama mtu. Mikono ameiweka juu ya mgongo wa kiti, kwa upole. Hakuwa na haraka. Anasubiri.

Digrii hakugeuka. Alihisi pumzi kisogoni. Ilinukia poda.

Mapumziko. Hakuinuka. Kipindi cha pili. Hakuinuka. Mshona Viatu alikuwa anatafuna kola ya jezi. Mzee wa Posta alinong'ona, "Mpisheni mwenyewe akae." Dakika ya sabini. Ya themanini. Vidole vya Digrii viliuma.

Kisha pembeni yake, kwa sauti ndogo sana, Fundi akaita.

"Kaka."

Moyo wa Digrii ukafunguka. Angeweza kulia. "Naam. Nipo, mdogo wangu."

"Kaka, njoo ukae. Tunakwisha."

Lakini Fundi hakuwa anamtazama yeye. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, juu ya kile kiti kitupu, na yamejaa upendo.

Hapo Digrii akasahau kila kitu. Akasahau mpango, akasahau woga. Akainuka, akageuka na ngumi, amshike yule shetani shingo.

Hakukuwa na mtu. Pazia tu, linacheza.

Na nyuma yake paa likang'oka.

Alipogeuka tena viti vyote vitano vilikuwa vimejaa. Sasa ni bao moja kwa moja. Fundi alikuwa amemrukia wa kiti cha tatu, amemkumbatia kwa mikono miwili. Dakika ya tisini Zambarau wakafunga la pili. Digrii alijikuta uchochoroni. Hakujua nani alifungua mlango. Akaweka bahasha juu ya tangi, akabandika viganja kwenye kioo cha mlango, akaita jina la mdogo wake. Akagonga. Akagonga kwa nguvu.

Ndani walikuwa wanaimba.

Wiki iliyofuata Kinyozi alipokwenda kumwaga nywele aliikuta bahasha. Fundi akampelekea kaka yake kwenye kiti cha tatu. "Kaka, hivi si vyako?" Kaka yake akavipekua vyeti, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. "Mimi nimesoma wapi?" akasema, na wote wakacheka. Kiti alikichukua. Mama akamchukua. Bega la mdogo mtu akalichukua. Vyeti, hata yeye alivikataa.

Duru ya pili Zambarau walianza kwa kufungwa. Mechi ya pili wakatoka sare na timu inayoshika mkia. Weupe wakafika pointi mbili nyuma. Vifua vya mtaa vikaanza kurudi ndani. Mechi ya tatu, dakika ya sitini, wako nyuma bao moja, na watu wa kwa kinyozi wakaanza kutazamana kwenye kioo, wakikagua kiti kimoja baada ya kingine, kama watu wanaotafuta harufu inatoka wapi.

Mkono ukatua begani kwa Fundi.

"Mdogo wangu," kaka yake akanong'ona. "Hebu toka kidogo."

"Mimi?"

"Nje tu. Tuone."

Fundi akacheka. "Na kiti changu?"

"Kitapata mtu."

Akatoka. Uchochoro ulikuwa mweupe kwa jua. Alipogeuka kuutazama mlango aliona alama kwenye kioo, upande wa nje, usawa wa kifua chake. Viganja viwili. Juu yake doa la paji la uso. Akafuta kwa mkono wa jezi. Alama zikarudi, mbichi, na ukungu kidogo kama wa pumzi.

Akazitazama vizuri. Kiganja cha kulia kilikuwa na vidole vitano. Cha kushoto, kidole kidogo kiliishia katikati.

Akakumbuka. Mlango. Damu kwenye fremu. Yeye mwenyewe, miaka sita, analia.

Ndani wakapiga kelele. Pazia lilikuwa wazi upana wa vidole viwili, na Fundi akasogeza jicho. Zambarau wamesawazisha. Kaka yake alikuwa amesimama, mikono yote juu, vidole vimetanuliwa.

Kumi. Vyote vizima.

Fundi akafungua kinywa aite, akagundua hajui amwite nani. Akaweka kiganja chake juu ya kile kifupi. Kioo kilikuwa cha moto.

Ndani watu wakarudi kukaa. Polepole, bila kutaka, Fundi akaanza kuhesabu vichwa, kutoka dirishani.