Mifuko Sita Nyuma ya Gari

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijapoa, Kijiko alikuwa tayari uani akifuta vioo vya gari la mama yake. Lilikuwa gari dogo jeupe, lenye kibao cha mafunzo juu ya paa na breki mbili: moja ya mwanafunzi, nyingine miguuni pa mama. Mama alifundisha udereva kwa gari hilo hilo. Binti yake, wa miaka kumi na miwili, aliitwa Kijiko kwa sababu hapakuwa na mazungumzo ya watu wazima ambayo hakujichovya ndani yake.

Kazi yake kubwa ilikuwa mifuko ya mchanga. Ilikuwa sita, imeshonwa kwa turubai, kila mmoja mzito kama mtoto anayetambaa. Mwanafunzi akikaribia mtihani, Kijiko alipakia miwili kwenye buti, upande anaoutaka yeye. Wakifika barabara kuu, mama aliuliza, "Mzigo uko wapi?" Mwanafunzi hakuruhusiwa kugeuka. Alitakiwa ausikie mikononi, kwenye usukani. Wengi walibahatisha, na Kijiko, kwenye kiti cha nyuma, alijiziba mdomo asicheke.

Sharti la mama lilikuwa moja. "Miwili tu, na ikae karibu na kiti. Nyuma kabisa, pale mlangoni pa buti, usiweke kitu kizito. Nyuma ya gari dogo ikilemewa, mbele inakuwa nyepesi, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayoshika njia. Mjini hutaona kitu. Subiri likimbie."

Ndipo akaja Dada. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa, amemaliza sekondari, na alikuja kukaa nao ajifunze udereva. Juma la kwanza aligonga pipa la takataka na kulipeleka hadi kwa jirani. Kijiko alimpenda sana juma lile. Lakini pipa halikugongwa tena, na siku ya kwanza ya mifuko, Dada alijibu bila kusita, "Kulia, mama mdogo." Ilikuwa kulia kweli. Mara ya pili akapatia, na ya tatu pia.

"Huyu ana mkono," mama alimwambia jirani aliyekuwa ng'ambo ya ukuta, kwa sauti ambayo Kijiko hakuwahi kuisikia ikimsifu yeye. "Akifaulu Jumatatu, nitamfanya msaidizi wangu."

Kijiko alikuwa akianika nguo. Alibana kibanio kwenye kidole chake mwenyewe na hakusikia maumivu. Msaidizi! Nani aliyefuta vioo miaka yote hii? Nani aliyebeba mchanga mpaka mabega yakachubuka? Zamani, baada ya somo la mwisho, alikaa mbele na mama wakarudi nyumbani wakiwacheka wanafunzi. Sasa Dada ndiye aliyekaa mbele, na kazi ya Kijiko ilikuwa kutazama visogo viwili vikichekeana. Roho ilimuuma hasa. Alimwonea Dada gere kwa vidole vyake virefu, kwa upole wake, hata kwa namna alivyokunywa chai bila kupiga fundo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani, rafiki yake, mtoto wa fundi viatu, alimkuta akipakia mfuko wa tatu.

"Si huwa miwili?"

"Leo mama anataka sita," Kijiko alisema.

"Yote? Na mbona unaisukuma huku mlangoni?"

"Mwanafunzi wa leo si bingwa? Acha bingwa apate mtihani wa mabingwa."

Rafiki yake alimtazama. "Wewe una kijicho na dada yako."

"Kijicho cha nini? Nishikie hapa."

"Shika mwenyewe," rafiki yake akasema, akaenda zake.

Kijiko akafunga buti. Nyuma ya gari ilikuwa imelala chini, lakini ua wao una mteremko na si rahisi kugundua. Mama alitoka akiwa na simu sikioni, akimwelekeza mwanafunzi mwingine.

"Umeweka mifuko?"

"Nimeweka, mama."

"Mingapi?"

"Miwili."

Mjini gari lilikwenda vizuri. Dada alikata kona kwa utulivu, mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, Kijiko akanuna. Kisha wakaingia barabara kuu. Dada alikanyaga mafuta, miti ya pembeni ikaanza kukimbia, na mabega yake yakapanda.

"Mama mdogo, usukani umekuwa mwepesi mno leo. Nauzungusha kidogo, gari linachelewa. Halafu linakwenda kupita nilivyotaka."

"Umeukaba. Legeza mikono. Tazama mbali, usitazame boneti."

Dada alilegeza. Gari likaelea kuelekea mstari wa kati, akalirudisha, likaelea upande wa pili. "Leo umekuwaje?" mama akauliza kwa ukali. Kwenye kiti cha nyuma, Kijiko alisikia utamu ambao hakuwa ameuonja kwa muda mrefu.

Utamu ule haukufika mbali. Lori refu liliwapita kwa kishindo. Upepo wake ukalisukuma gari kando. Dada akarudisha usukani, na safari hii mkia wa gari ukayumba upande mmoja, ukayumba mwingine, kwa nguvu zaidi. Kijiko aligonga bega mlangoni. Kupitia kioo aliona mtaro ukisogea, kisha lami, kisha mtaro tena.

"Usikanyage breki!" mama alisema. Mkono wake ulikuwa umeshashika usukani. "Ondoa mguu kwenye mafuta. Shika hapo hapo. Liache lipungue lenyewe."

Gari lilipungua, likatulia, wakasimama pembeni mwa barabara. Dada aliweka mikono mapajani.

"Mzigo uko nyuma kabisa, mama mdogo," alisema. "Na ni mwingi. Ndivyo ninavyousikia."

"Ni mifuko miwili. Kijiko ameipakia, na Kijiko nilimfundisha mwenyewe."

Dada akaitazama mikono yake. "Basi ni mimi. Kijiko hawezi kukosea mzigo. Mikono yangu ndiyo inanidanganya." Akajifuta macho kwa mgongo wa kiganja. "Labda tuahirishe mtihani. Labda sifai."

"Kwanza urudi barabarani, usije ukaiogopa," mama akasema. "Tuteremke bondeni, pale penye upepo. Jitulize. Washa gari."

Dada akashika ufunguo. Hicho ndicho Kijiko alichokitaka tangu asubuhi: Dada aseme hafai, kwa kinywa chake mwenyewe. Mbona hakikuwa na ladha? Angeweza kunyamaza. Wangeteremka bondeni na mifuko sita mgongoni, mama, Dada na yeye, na malori yakiwapita.

"Msiende!" Sauti ilimtoka kama si yake. "Ni sita. Nimeweka yote sita. Mlangoni kabisa."

Mama aligeuka polepole. Kijiko alitamani apigwe kofi, mambo yaishe. Mama alishuka tu, akafungua buti, akasimama pale akiitazama mifuko.

"Kwa nini?"

Kijiko alilia. "Kwa sababu unamsifu yeye tu. Kwa sababu anakaa mbele. Nilitaka ukosee kumpenda."

Maneno yalitoka ovyo, lakini mama aliyaelewa. Akamwambia ahamishe mifuko minne, mmoja mmoja, aiweke sakafuni mbele ya kiti cha nyuma, na miwili aisogeze karibu na kiti. Dada alinyosha mkono kumsaidia. "Mwache," mama akasema. Kijiko alibeba peke yake, na kila mfuko ulikuwa mzito kuliko asubuhi.

Alipomaliza, mama alichuchumaa mbele yake.

"Sikiliza, mwanangu. Kuona wivu si kosa. Hata mimi nimewahi kuuona, tena kwa dada yangu, mama yake huyu. Ungeniambia, 'Mama, umenisahau,' ningekusikia, kwa sababu ni kweli nilikusahau kidogo. Lakini wewe uliuficha wivu kwenye buti ukaniambia ni mifuko miwili. Nikakuamini wewe, nikamgombeza asiye na kosa. Na yeye akakuamini kuliko mikono yake. Tungeangukia mtaroni sote watatu kwa uongo wa neno moja."

Kijiko aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Dada."

"Nitakusamehe," Dada akasema. "Ila nipe muda."

Waliteremka bondeni. Lori likapita, upepo ukasukuma, gari likatikisika kidogo na kushika njia yake.

"Mzigo uko wapi?" mama akauliza.

"Umesogea katikati, chini," Dada akajibu. "Sasa usukani unaniambia kitu."

Jumatatu Dada alifaulu. Kijiko alipiga makofi, ingawa, tuseme ukweli, wivu ulimchoma kidogo hata siku hiyo. Safari hii alimwambia mama, na mama akamkalisha mbele wakati wa kurudi.

Lakini imani haikurudi haraka hivyo. Jumamosi zilizofuata, Kijiko akisema "miwili," mama alishuka na kufungua buti mwenyewe. Kijiko alisimama kando akingoja, masikio yakimwaka moto.

Mpaka asubuhi moja mama alipougua mafua, na Dada akatoka kufundisha badala yake. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu, akafunga mkanda, akachungulia dirishani.

"Mingapi, Kijiko?"

"Miwili. Karibu na kiti."

Dada hakugeuka kutazama nyuma. "Twende," akamwambia mwanafunzi, na gari likaondoka.