Karata za Bibi na Vifungo vya Koti

Chiriku hakuitwa Chiriku bure. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua likizo. Akitoka shuleni saa tisa na nusu alasiri, sauti yake ilifika nyumbani kabla ya miguu yake. "Shikamoo Bibi! Shikamoo Mama! Leo mwalimu wa hesabu amekosea swali lake mwenyewe, darasa zima tumemwona!" Hapo bado yuko mlangoni, mkoba haujatua.

Akishabadilisha sare, alishika ufagio na kukusanya nyuzi na vipande vya vitambaa vilivyotapakaa chini. Chumba chao cha mbele kilikuwa karakana ya ushonaji. Kulikuwa na meza ndefu ya kukatia, pasi, na vyerehani viwili. Kimoja kilikuwa cha Mama, nacho hakikupumzika. Cha pili kilikuwa cha Bibi, na kwa miezi mitatu sasa kilikuwa kimefunikwa shuka.

Bibi aliugua kiharusi. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito na vidole vikawa vivivu. Kijana wa mazoezi ya viungo kule zahanati alimwambia, "Bibi, kila siku okota vitu vidogo vidogo kwa mkono huo. Na akili nayo uifanyishe kazi, isilale." Bibi akamjibu, "Vitu vidogo? Mwanangu, mimi ni fundi nguo. Vifungo ninavyo kopo zima." Basi dawa ikawa karata.

Mchezo wenyewe ulikuwa poka. Marehemu Babu, aliyekuwa fundi wa garimoshi, aliupata kwa wenzake safarini akamfundisha mkewe. Bibi naye akauwekea sheria zake. "Hapa tunacheza kwa vifungo. Siku nitakayoona hata senti moja mezani, karata nazitia motoni."

Kila mchezaji alipewa karata mbili za siri. Kisha karata tano zilifunuliwa mezani kwa ajili ya wote: kwanza tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Kabla ya kufunua na baada ya kila kufunua, watu waliweka vifungo. Katika raundi mbili za mwanzo kiliwekwa kifungo kidogo cha shati, na mbili za mwisho kifungo kikubwa cha koti. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka zaidi ya kifungo kimoja kwa mara moja. Mwenzako akiweka, una njia tatu: kuachia, yaani kutupa karata zako, kufuata, yaani kuweka sawa na yeye, au kupandisha, yaani kuongeza kifungo juu yake. Na kupandisha kulikuwa na mwisho, mara tatu tu katika raundi moja. Mwishoni karata bora zilishinda: jozi mbili huzidi jozi moja, tatu zinazofanana huzidi jozi mbili, na tano zinazofuatana au tano za aina moja, kama shupaza tupu, huzidi zote hizo.

"Ukiwa huna kitu, achia, usione haya," Bibi alimfundisha Chiriku tangu akiwa na miaka tisa. "Ukiwa na karata inayongoja mwenzake, fuata, maana bei si kubwa. Lakini ukijua kabisa kwamba umemshinda mwenzako, pandisha! Kufuata tu wakati una karata ya kupandisha ni uvivu, na mara nyingine ni unafiki."

Wiki ya kwanza baada ya Bibi kutoka hospitali, Chiriku alimfunga vibaya. Alipandisha, akapandisha tena, mpaka kopo la Bibi likabaki na kifungo kimoja cha shati. Bibi alikitazama kile kifungo.

"Nimekwisha, mjukuu wangu," alisema. "Mkono umekwenda, na akili nayo imeufuata."

Jioni ile hakula. Chiriku alikwenda kujificha nyuma ya tangi la maji, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Alimpenda Bibi kuliko alivyojua kusema, na kwa msemaji kama yeye hilo si jambo dogo. Akajiapia palepale: hatapandisha tena. Akipata karata nzuri, atafuata tu. Ikibidi, atazitupa.

Akatimiza kiapo. Alitupa jozi za malkia, akatupa hata ree mbili, karata kubwa kuliko zote, huku anakunja uso na kusema, "Ah, leo sina bahati!" Bibi alipokosea kuzisoma karata, naye alikosea mara kwa mara, Chiriku alizikusanya upesi kabla mtu hajaona. Kopo la Bibi likajaa. Kicheko kikarudi, hamu ya chakula ikarudi, na asubuhi moja Bibi akaomba kioo na kitana. Chiriku alijiona daktari. Kama pangekuwa na mtu wa kumvisha koti jeupe, angelivaa.

Siku ya kumi ya kiapo, mwalimu wa kwaya alifika na mzigo wa kitambaa cha buluu. Alitaka majoho ishirini ya kwaya yake.

"Kitambaa hiki ndicho cha mwisho dukani, fundi," alimwambia Mama. "Rangi hii haipo tena. Nakuomba kikatwe kwa uangalifu."

"Kitakatwa na mimi," Bibi alidakia kutoka kitini kwake.

Mama alimtazama. "Mama, hebu tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Mtu anayemfunga huyu mjanja siku tisa mfululizo, akili yake ina kasoro gani? Na vidole vinaokota vifungo vizuri. Miaka thelathini nimekata nguo za watu. Kesho alasiri, Chiriku akirudi kunishikia kitambaa, naanza."

Jinsi alivyong'aa uso! Mwalimu wa kwaya akafurahi, Mama akarudi kwenye cherehani chake, naye Chiriku akafagia tena palepale alipokwisha kufagia. Usiku hakuota ila mkasi.

Kesho yake darasani alikaa kimya, hata mwenzake wa dawati akashtuka. Mwenzake huyo aliitwa Kobe, kwa sababu hakuwahi kufanya jambo haraka, hata kucheka. Wakati wa mapumziko Chiriku alimweleza yote.

Kobe alitafuna mkate wake taratibu. "Kwa hiyo Bibi yako anajua amepona."

"Ndiyo."

"Na aliyemwambia amepona ni wewe."

"Mimi sikusema kitu!"

"Hukusema," Kobe alikubali. Akatafuna tena. "Lakini akiharibu kile kitambaa, ataambiwa ni yeye."

Chiriku alimkasirikia, kisha akajikasirikia mwenyewe.

Alipofika nyumbani alimkuta Bibi amesimama kwenye meza ya kukatia. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimetandazwa, chaki na futi pembeni, mkasi mkubwa juu yake. Mama alikuwa anajifanya anashona kwenye cherehani chake, lakini mguu haukukanyaga.

"Umekuja, mjukuu wangu! Njoo kwanza tucheze mkono mmoja, ninyooshe vidole. Baada ya hapo kazi."

Bibi akagawa. Chiriku akainua karata zake pembe kidogo: mfalme wa kopa na mfalme wa uru. Wafalme wawili! Bibi aliweka kifungo kimoja cha shati, naye Chiriku kwa mazoea akafuata.

Karata tatu zikafunuliwa: mfalme wa pau, tisa ya shupaza, nne ya shupaza. Wafalme sasa walikuwa watatu. Bibi akaweka kifungo, Chiriku akafuata. Akajiambia ataachia kwenye raundi ijayo, kama alivyozoea.

Karata ya nne ilikuwa mbili ya pau. Macho ya Bibi yakacheka. Akachukua kifungo cha koti, akakisukuma katikati kwa vidole vyake vizito, taratibu, bila kukiangusha.

"Haya. Ongea, Chiriku."

Chiriku alitazama meza. Shupaza zilikuwa mbili tu pale, pau mbili, na hakuna zilizofuatana. Kwa meza ile hapakuwa na karata duniani za kuwashinda wafalme watatu. Sasa Bibi alikuwa anachekea nini?

Ndipo akaelewa. Bibi alikuwa anaona kitu kisichokuwepo.

Angeweza kuachia. Angezitupa karata kifudifudi, Bibi angepiga makofi, na dakika moja baadaye angeshika mkasi. Macho yaleyale yangefuata mstari wa chaki juu ya kitambaa ambacho hakipo tena dukani. Miaka thelathini ya kuitwa fundi, halafu majoho ishirini yaliyopinda.

"Napandisha," Chiriku alisema. Sauti ilitoka ndogo.

Bibi alishtuka. "Wewe? Leo? Mimi napandisha juu yako."

"Napandisha tena, Bibi. Ni mara ya tatu, tumefika mwisho."

Bibi alifuata, amekunja kipaji. Karata ya tano ilikuwa saba ya uru, haikumsaidia mtu. Bibi akaweka, Chiriku akapandisha, Bibi akafuata.

"Pole sana, mwanangu," Bibi alisema huku akifunua kumi ya shupaza na sita ya shupaza. "Nina shupaza tano. Mbili zangu, na tatu za mezani."

Mama aliinuka kutoka kwenye cherehani chake.

"Bibi," Chiriku alisema, "ile mbili si shupaza. Shupaza ina ncha juu. Hiyo ina majani matatu ya mviringo. Ni pau."

Bibi aliinua ile karata, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akaipeleka dirishani. Aliporudi alikaa chini kama mtu aliyebeba mzigo.

"Nimekuwa nikikosea hivi tangu lini?"

"Tangu mwanzo." Na hapo machozi yakamwagika, na maneno nayo. "Nilikuwa nakuachia, Bibi! Nilitupa jozi, nilitupa ree, sikupandisha hata mara moja. Ulisema umekwisha na hukula. Niliogopa utakufa. Nisamehe!"

Bibi alisimama. Aliuchukua mkasi, na Chiriku akafumba macho. Lakini Bibi alimpa Mama ule mkasi, mpini mbele.

"Kata wewe," alisema. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Umeniudhi. Sitasema uongo, umeniudhi sana. Nimejisifu mbele ya wageni kwa ushindi ambao si wangu!"

"Najua, Bibi."

"Njoo hapa."

Chiriku akaenda, akitegemea kofi. Alikumbatiwa kwa mikono yote miwili, ule mwepesi na ule mzito, mpaka pua yake ikabanwa kwenye bega la Bibi lenye harufu ya chaki na sabuni.

Kesho yake Mama alimpeleka Bibi zahanati. Kijana wa mazoezi aliposikia habari ya pau na shupaza, aliuliza, "Mbona hamkuniambia mapema? Mlisema anashinda kila siku!" Akawaandikia barua ya kwenda kwa daktari wa macho, na wiki iliyofuata Bibi alirudi na miwani mipya. Alizunguka nyumba nzima akishangaa vumbi. "Kumbe mnaishi hivi!" alisema, na Chiriku akakabidhiwa kitambaa cha kupangusia.

Majoho aliyakata Mama. Bibi alisimama pembeni akielekeza, na kila siku akajifunza upya kwa kukata magazeti ya zamani. Mwanzoni mistari ilipinda, ikachekwa na wote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Baada ya wiki tano, kola ya joho la ishirini aliikata yeye. Mama aliigeuza huku na huku, akaishona bila kusema chochote, na kwa Mama hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Na karata? Zilichezwa kweli. Kila siku Bibi alifungwa, akanuna, akagawa upya. "Usinihurumie hata kifungo," alionya, na Chiriku hakumhurumia.

Alasiri moja Chiriku alipata ree na malkia. Mezani zikafunuliwa ree, nane na tano. Akaweka, Bibi akafuata. Karata ya nne ikawa nane nyingine. Chiriku alikuwa na jozi mbili, ree na nane. Akaweka kifungo cha koti. Bibi akapandisha. Chiriku akajiona mkubwa, akapandisha tena. Bibi alisukuma miwani juu ya pua, akapandisha mara ya tatu.

Hapo Chiriku alisita. Akafuata tu. Karata ya tano ilikuwa tatu, isiyo na maana. Bibi akaweka tena, Chiriku akafuata, roho juu.

Bibi akafunua nane na saba. Nane tatu! Chiriku aliziangalia moja moja, kama mwalimu anayetafuta kosa. Kosa halikuwepo.

"Bibi! Hukunihurumia?"

"Nikuhurumie wewe? Kwa lipi?" Bibi alilivuta lile rundo la vifungo kwa mkono wake wa kulia. "Sikiliza, mwanangu. Ulipokuwa unaniachia ulinipenda, najua. Lakini mtu akifichwa alipo, hajui pa kuanzia kutembea. Siku uliyopandisha, ulinionyesha nilipo. Nikaumia, nikaanza. Anayekupenda atakwambia ukweli, halafu atakaa nawe pale unapoumia."

Chiriku alipiga ukelele wa furaha uliomfanya Mama atoke jikoni mbio na mwiko mkononi.

"Kuna nini tena?"

"Bibi amenifunga!"

"Si alikwisha kukufunga siku tisa mfululizo?" Mama alimtania.

"Hapana, Mama," Chiriku alisema, huku akiruka na machozi yakimtoka. "Leo amenifunga kweli!"