Kiti Kilichompima Mwalimu

Watu wa zamani wa Iyunga bado wanaionyesha nyumba aliyokaa Damari na mumewe, Mwalimu Eliezeri, ingawa wengi huionyesha kwa kidevu tu, bila kunyoosha mkono. Mambo yenyewe yalitokea katikati ya miaka ya hamsini. Yalianza na jambo dogo kabisa: mtu alikuwa akitafuta kiti kizuri cha kukalia akisoma.

Eliezeri alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, Mmoraviani, mtu wa vitabu. Masika moja lori lilipinduka naye kwenye utelezi, na tangu hapo mgongo haukumpa raha. Alifundisha amesimama, alikula amesimama, kanisani aliegemea ukuta wa nyuma. Kusoma ndiko kulikomshinda. Kigoda kilimkunja, kiti cha turubai kilimzamisha katikati, na kile cha mezani kilimchoma mbavu kabla hajamaliza ukurasa.

Damari hakupenda kumwona hivyo. Akamtengenezea kona pembeni mwa dirisha la sebuleni, palipoingia jua la alasiri. Alipanga masanduku ya mbao yakawa rafu, akatundika pazia aliloshona mwenyewe, akakandika sakafu upya. Vitabu vikakaa vizuri. Kilichobaki ni kiti.

"Twende Mafinga," alimwambia mumewe. "Tusekile anasema kuna fundi kule anayejua viti."

Tusekile alikuwa mdogo wake, ameolewa na mpasua mbao wa huko. Shule zilipofungwa, wakapanda lori wakaenda.

Fundi aliitwa Liberatus, Mbena mpole mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope. Aliwatolea viti nje, kwenye baridi na ukungu, na Eliezeri akavijaribu kimoja kimoja. Hiki kifupi. Kile kimelala mno. Kingine mikono yake ilikuwa juu, mabega yakapanda kama ya mtu anayesikia baridi. Damari alikuwa ameanza kukata tamaa alipoona, ndani ya karakana, mguu wa kiti ukichungulia chini ya gunia.

"Na kile?"

Liberatus aliingia akalivuta gunia likakifunika vizuri. "Kile kilikuwa cha mtu. Mwenyewe hakuja kukichukua."

"Basi mwache akijaribu tu."

Kilikuwa cha mninga, kipana, kikalio chake cha ngozi ya ng'ombe kimeshindiliwa nyasi. Eliezeri alikaa. Pumzi ndefu ikamtoka. Uso wote ukalegea, mikunjo ikaondoka kwenye paji, akafumba macho.

"Mama Ikupa," alisema taratibu, "hauumi."

Damari aligeukia pembeni akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Hakuona kwamba fundi alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani.

Wiki za kwanza zilikuwa za furaha. Kila alasiri mwalimu alikaa dirishani na kitabu chake, na Damari akipika alimsikia akicheka peke yake juu ya alichokisoma. Binti yao Ikupa alikuja kutoka kwa mumewe kuwasalimu, akasema baba amerudi ujana.

Kisha Damari akaona kwamba ukurasa haugeuki. Alipita na maji, alipita na kuni, kitabu kilikuwa palepale. Macho ya mumewe yalikuwa kwenye karatasi, lakini hayakutembea. Yalikuwa yametulia tu, kama macho ya mtu anayeangalia mto.

Siku nyingine alimkuta vidole viwili vimebana kitu kisichokuwepo. Akavipeleka puani. Akavuta. Eliezeri hakuwahi kuonja ugoro maishani mwake.

Halafu chakula. Damari aliweka sahani mezani, akainamisha kichwa waombe kama walivyozoea. Mumewe akagusa paji la uso, kifua, bega hili, bega lile. Alama ya msalaba, kwa mkono mwepesi uliozoea.

"Baba Ikupa, umejifunza wapi hiyo?"

Alimtazama kwa mshangao. "Ipi?"

Alasiri iliyofuata alimwita mkewe dirishani. Kitabu kilikuwa magotini, juu chini. Alikuwa akipitisha ukucha kwenye mistari, polepole, akiikwaruza.

"Mama," aliuliza, "hivi vidudu vyeusi ni vya nini?"

Damari alicheka, akidhani ni mzaha. Mumewe hakucheka. Alikuwa akisubiri jibu.

Siku hiyohiyo Damari alikiburuta kile kiti hadi jikoni, akafunga mlango. Eliezeri alisimama katikati ya sebule, akatetemeka, akaanguka. Maumivu yalikuwa yamerudi, na safari hii yalikuja na nduguze. Alitambaa. Alilia kama mtoto, akikwangua udongo kwa kucha, hadi majirani wakaja mlangoni. Damari alimkanda kwa maji ya moto, akampa dawa ya zahanati. Hakuna kilichosaidia. Mwishowe alikirudisha kiti mwenyewe, kwa mikono yake miwili, na kumsaidia kukaa. Kilio kikakatika.

"Kamwene," mumewe alimwambia, akitabasamu. Ni salamu ya Wahehe. Aliitamka kama mtu aliyezaliwa nayo.

Damari alimwita Mchungaji Abrahamu. Mchungaji aliomba kwa nguvu, jasho likimtoka, na mgonjwa aliitikia amina kila palipostahili. Lakini kila mchungaji alipotaja jina Eliezeri, mgonjwa aligeuza kichwa nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Mchungaji aliondoka bila kumaliza chai yake.

Damari alimwita Ikupa amwangalie baba yake, akarudi Mafinga peke yake. Liberatus alipomwona tu, aliweka randa chini.

"Ni cha nani kile kiti?" Damari alimuuliza.

Fundi alinong'ona, ingawa karakana ilikuwa tupu. "Cha Kalinga. Mhehe wa Idodi. Nilimpima mwenyewe, mgongo na mapaja. Akafa kabla sijamaliza. Jeneza lake nikatengeneza mimi pia, nikampima kwa kamba ya katani, kama tufanyavyo." Alipangusa vumbi kwenye randa. "Baada ya maziko akaja mkewe, Severina. Alikuwa na ile kamba. Akasema niishonee ndani ya kikalio. Nilimkatalia, mama. Usiku huo mkono wangu wa kulia ukafa. Asubuhi nikaishona kwa wa kushoto."

"Kwa nini ulituuzia?"

"Aliniambia nisikizuie. Alisema atakayekikalia bila kuumia, ndiye huyo."

"Nikiichana ngozi nikaitoa kamba?"

Liberatus alitazama mikono yake. "Sijui atakayebaki ni yupi."

Damari alifika Iyunga mchana, jua limewaka. Ikupa alikuwa uani, amekaa chini, khanga imemfunika uso. Hakuinua kichwa. Ndani kulikuwa na mwanamke mwenye kaniki nyeusi na rozari shingoni, amekaa mezani. Alikuwa akinywa chai kwa kikombe cha Damari.

"Pole na safari, dada," alisema kwa upole. "Nimekuja kumchukua mume wangu. Ahsante kwa kunitunzia."

Eliezeri alikuwa amesimama kando ya dirisha. Amesimama wima, mgongo umenyooka. Kiti kilikuwa kimefungwa kwa ukanda, tayari kubebwa.

"Baba Ikupa!"

Alimtazama vizuri, bila chuki. Alimtazama kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba. "Mama, Mungu akubariki," alisema. "Mmenikirimu sana."

Damari alichukua kisu cha jikoni. Alikitumbukiza kwenye kikalio, akachana ngozi kutoka upande hadi upande, akatoa nyasi kwa viganja. Nyasi. Nyasi tena. Kamba haikuwemo.

Severina hakuinuka. Alipuliza chai yake.

Ndipo mumewe alipoinama kukiinua kiti, shati likapanda mgongoni. Damari akaiona. Kamba ya katani, nyembamba, imemzunguka kiunoni. Ilikuwa imezama kwenye nyama. Ngozi ilikuwa imeota juu yake.

Akamrukia. Akaingiza ncha ya kisu chini ya kamba. Mwanamume akakakamaa. Midomo ikawa ya bluu, macho yakageuka. Na kutoka ndani yake, kwa mbali, kwa Kinyakyusa cha kwao Rungwe, ikaja sauti aliyoijua tangu alipokuwa msichana.

"Mama Ikupa. Usiikate. Nitakufa."

"Uko wapi?" Damari alilia. "Baba Ikupa, uko wapi?"

"Sijui. Kuna giza. Usiikate."

Kisu kikamponyoka. Alijua asipokata anampoteza, na akikata anamuua. Mikono yake ilibaki hewani, haina la kufanya. Kisha yule mtu akavuta pumzi, akatengeneza shati lake, akakitwika kiti kichwani. Damari alimshika mkono. Mwanamume aliviondoa vidole vya Damari kimoja baada ya kingine, kwa adabu, kama unavyoondoa miba kwenye nguo.

Wakatoka, yeye na Severina. Majirani waliokuwa barabarani walimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Hakugeuka. Alikuwa akichechemea mguu wa kushoto. Eliezeri hakuwahi kuchechemea.

Damari hakukaa hivihivi. Alikwenda kwa wakubwa wa serikali, wakamwambia mtu mzima huenda anakotaka, na kwamba si wa kwanza kukimbiwa na mume. Alikwenda Idodi na kaka yake Yotamu. Walimkuta mumewe akilima mahindi nyuma ya nyumba, mvi zimemjaa. Watu walipopita walimwita Kalinga, wakamtania, wakamuuliza habari za safari ndefu. Yotamu alipowauliza kuhusu maziko, kila mmoja alikumbuka kazi aliyoiacha nyumbani. Damari alisimama pembeni ya shamba hadi jua likamzidi. Mlimaji alikuja kumpa maji kwenye kibuyu, akamuuliza kwa heshima anatoka wapi.

Damari alikunywa. Akarudi Iyunga.

Ikupa alimsihi ahamie kwake, akakataa. Alivigawa vitabu vyote kwa shule, akaivunja rafu, akazitumia mbao zake kwa kuni. Kona ikabaki tupu. Alisema hataki kitu pale, na kila Jumamosi aliikandika sakafu kwa udongo na samadi hadi ikawa laini kama kiganja.

Lakini Jumapili, akirudi kutoka kanisani, alizikuta. Nyayo mbili za miguu mitupu, zimekaa sambamba, zimeelekea dirishani. Hakukuwa na nyingine za kuingia wala za kutoka. Zilikuwa za mtu aliyeketi, mahali ambapo hapana kiti. Alizifuta. Wiki iliyofuata zikawepo, na iliyofuata, hadi akazeeka, na waliopanga nyumba ile baada yake walimwaga saruji, nayo ikazipokea.

Ukiinama uzitazame vizuri, utaona visigino havikugusa sana. Ni vidole vilivyozama. Vimejikita chini kwa nguvu zote, kama vya mtu anayejaribu kuinuka.